Ekseli ya mbele ya hotrodi isiyo na madigadi: namna ya kuichagua na namna ya kuishika

Kila picha ya hotrodi inapozunguka katika makundi ya wapenzi wa magari, ubishi hurudi palepale. Gari limetengenezwa kwa fedha nyingi, rangi inang'aa, injini imepigwa kromu, lakini mbele limebebwa na ekseli moja nzima na springi ya vyuma bapa, vitu ambavyo wengi wetu tumezoea kuviona chini ya malori na Land Rover za zamani. Wapo wanaosema ni ukale wa makusudi usio na faida. Wapo wanaosema ekseli ya namna hiyo ni hatari, na kwamba mwenye akili angeweka saspensheni ya gari la kisasa. Wengine waliosoma kidogo huanza kutaja majina ya mifumo mbalimbali, kana kwamba tofauti yake ni ya mwonekano tu na kila mtu anajichagulia apendacho. Kosa kubwa liko hapo. Ekseli ya mbele haichaguliwi peke yake, huchaguliwa pamoja na vyuma vitakavyoishika, na ipo michanganyiko inayopatana na mingine inayogombana kila gari linapopita kwenye shimo.

Tuanze na vitu vyenyewe. Hotrodi ya jadi ni gari la Marekani la kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mara nyingi Ford ya kati ya 1928 na 1934, ambalo vijana wa zama hizo walilinunua likiwa chakavu, wakalipunguza uzito na kulitia injini yenye nguvu, hasa ile V8 ambayo kampuni ya Ford iliitoa mwaka 1932. Madigadi ni yale mabamba yanayofunika magurudumu, ambayo katika magari ya enzi hizo yalifungwa nje ya bodi kwa bolti, kwa hiyo kuyaondoa kulihitaji spana na uvumilivu tu. Saspensheni ni jumla ya vitu vilivyo kati ya magurudumu na chasisi: springi zinazobeba uzito, shokapu zinazozuia gari lisiendelee kurukaruka, na vyuma vinavyoyawekea magurudumu mipaka ya kusogea. Hivyo vya mwisho ndivyo vinavyosahaulika katika mabishano.

Madigadi yaliondolewa kwa sababu ya mashindano. Kusini mwa California kuna maziwa yaliyokauka, kama Muroc na El Mirage, ambayo sakafu yake ni tambarare na ngumu, na vijana walikwenda huko kupima mwendo wa magari yao. Mwaka 1937 vilabu vyao viliunda chama cha SCTA (Southern California Timing Association) ili kuyasimamia mashindano hayo. Bamba lisilokuwapo halina uzito na halishiki upepo, na gari lililovuliwa madigadi kwa ajili ya ziwani lilirudi mtaani likiwa hivyohivyo, hadi sura hiyo ikawa ndiyo sura ya hotrodi. Matokeo yake ni kwamba ekseli, springi, breki na fimbo za usukani vikawa hadharani, mbele kabisa ya gari. Katika gari la kawaida fundi anaweza kuficha kazi mbovu nyuma ya bamba, lakini hapa hana pa kuificha, na ndiyo maana wenye magari haya hubishana kuhusu ekseli kwa ukali ambao wengine huuweka kwenye siasa.

Alichoacha Ford

Kuanzia Model T ya 1908 hadi magari yake ya 1948, Ford alitumia mpango mmoja wa msingi kwa mbele. Ekseli ni chuma kimoja kilichofuliwa, ambacho ukikikata utaona umbo la herufi I, nacho huunganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Juu yake, au mbele yake katika magari ya kuanzia 1935, kuna springi moja tu iliyolala kukingama, kutoka upande mmoja wa gari hadi wa pili. Katikati springi hiyo imefungwa kwenye chasisi, na ncha zake mbili zimeunganishwa na ekseli kwa viungio vifupi vinavyocheza, kwa sababu springi inapobonyea hurefuka na ni lazima ipate nafasi ya kurefukia. Ukitazama vizuri utagundua tatizo: springi ya namna hii hubeba uzito vizuri, lakini haiwezi kuizuia ekseli isiende mbele au nyuma, wala haiwezi kuizuia isijiviringe dereva anapokanyaga breki. Breki inaposhika gurudumu, gurudumu linataka kuizungusha ekseli pamoja nalo, na lazima kiwepo kitu cha kukataa.

Kitu hicho katika Ford ni chuma chenye umbo la panda, kama ile ya manati. Mikono miwili ya panda imefungwa imara kwenye ekseli, mmoja karibu na kila gurudumu, kisha inarudi nyuma ikikaribiana hadi kukutana chini ya injini au gia boksi, ambapo kuna kichwa kimoja cha mviringo kinachozunguka ndani ya kikombe chake. Ekseli na panda vikiungana vinakuwa pembetatu moja ngumu inayoegemea kichwa hicho kimoja. Gurudumu la kushoto likipanda tuta, pembetatu nzima inainama upande mmoja, hakuna chuma kinacholazimishwa kupinda, na gari linaendelea. Ni mpango rahisi, wenye vipande vichache, na kwa maoni yangu haujawahi kupewa heshima unayostahili. Nusu ya matatizo ninayoeleza hapa chini yalianza siku watu walipoamua kuupasua.

Panda iliyopasuliwa, na kwa nini umbo la ekseli lina maana

Waliipasua kwa sababu za kweli. Ukitia injini nyingine yenye sampo (bakuli la oili) inayoshuka chini zaidi, au gia boksi isiyo na mahali pa kile kikombe, au mabomba ya moshi yanayohitaji kupita hapo, panda inakuwa kikwazo. Suluhisho la mafundi wa wakati ule lilikuwa kuikata sehemu ya kukutania, kuitanua mikono yake, na kuifunga kila mmoja kwenye upande wake wa chasisi. Kwenye ncha zake walichomelea vipande vyenye nyuzi na kuweka boljointi (viungio vya mviringo) kubwa za tairodi, ile fimbo inayounganisha magurudumu mawili ya mbele, kutoka kwenye malori na matrekta, ambazo zilipatikana kwa urahisi na zilikuwa imara. Ukiitazama kutoka pembeni, panda iliyopasuliwa ina mstari safi unaoendana na chasisi, na leo wengi huichagua kwa sababu hiyo hata pale ambapo injini haiwalazimishi.

Lakini sasa pembetatu imekwisha. Kila mkono unazunguka kwenye pointi yake nyuma, na kila mkono umefungwa imara kwenye ncha yake ya ekseli. Gurudumu la kushoto likipanda huku la kulia likibaki chini, mkono wa kushoto unainuka na kuigeuza ncha ya kushoto ya ekseli, wakati ncha ya kulia haijageuka. Ekseli inasokotwa. Gari likiendeshwa barabarani siku nzima, ekseli inasokotwa mara nyingi mno, na swali ni moja: je, ina umbo la kukubali kusokotwa?

Hapa ndipo tofauti ya ekseli ya I na ekseli ya bomba inapoingia, na unaweza kuihakikisha kwa mikono yako. Chukua kipande cha bomba gumu la maji la plastiki, kirefu kama mkono, ujaribu kukisokota kwa kushika ncha zake mbili. Kitagoma. Kisha ukipasue kwa msumeno kutoka ncha hadi ncha, upande mmoja tu, ujaribu tena: kitasokoteka kirahisi, ingawa plastiki ni ileile na uzito ni uleule. Umbo lililofungwa hukataa kusokotwa na umbo lililo wazi hukubali. Ekseli ya I ni umbo lililo wazi. Uimara wake ni katika kubeba uzito bila kupinda, lakini kusokotwa kidogo huku na huku inavumilia, na chuma cha Ford kilikuwa bora kwa kazi hiyo. Ekseli ya bomba ni umbo lililofungwa, na ukiitaka isokoteke, haisokoteki. Badala yake inapeleka ugomvi kwenye kitu dhaifu kilicho karibu: bolti, weldi, au kishikio kilichochomelewa kwenye chasisi.

Kwa hiyo kanuni ya zamani inayosema kwamba panda iliyopasuliwa ni ya ekseli ya I, na kwamba haifai kwa ekseli ya bomba, ina msingi wa kihandisi na haihusu mapokeo tu. Yapo magari mengi yaliyotengenezwa kinyume chake na bado yanatembea, na wenye magari hayo watakwambia hivyo kwa sauti kubwa. Wanachokisema ni kweli, lakini mengi ya magari hayo yana springi laini, huendeshwa kwenye lami nzuri, na hutembea maili chache kwa mwaka. Gari la namna hiyo pia linakuwa gumu kuinamia upande mmoja, kwa sababu ekseli isiyosokoteka inafanya kazi ya ufito wa kuzuia kuinama ambao hakuna aliyeuomba. Kwa upande mwingine, bomba halina kosa lenyewe. Ford wenyewe waliweka ekseli ya bomba kwenye gari la 1937 lenye V8 ndogo ya nguvu za farasi 60, lakini waliishika kwa panda nzima, isiyopasuliwa, na hivyo hapakuwa na kitu cha kuisokota.

Mafundi wa Afrika Mashariki wanakutana na suala hilihili katika kazi zao za kila siku bila kulipa jina. Land Rover Defender ya zamani, na Land Cruiser ya mfululizo wa 80, zina ekseli nzima mbele inayoshikwa na mikono miwili inayorudi nyuma kwenye chasisi, kila mkono ukiwa umeshika ekseli kwa bushi mbili. Nyumba ya ekseli hiyo ni ya mviringo na haisokoteki, kwa hiyo kinachokubali ni mpira wa bushi. Ndiyo sababu bushi hizo huisha, na ndiyo sababu mtu anayeziondoa na kuweka bushi ngumu za plastiki ili gari liwe imara hulalamika baadaye kwamba gari limekuwa gumu kwenye njia mbovu. Kwenye hotrodi yenye boljointi za chuma kila mahali hakuna mpira wa kukuokoa.

Vibanio na fito nne

Njia ya pili ya kushika ekseli ilitoka kwenye magari ya mashindano. Kila upande una fito mbili nyembamba zinazoanza pamoja nyuma, kwenye pointi moja ya chasisi, kisha zinatanuka kidogo zikielekea mbele na kuishika ekseli juu na chini. Ukizitazama pembeni zinafanana na kibanio cha nywele, na jina la Kimarekani linatokana na umbo hilo. Kwa macho yangu hakuna kitu kizuri zaidi ya hiki mbele ya gari lisilo na madigadi, kwa kuwa fito ni nyembamba, mistari yake ni mirefu, na jicho linapita katikati yake. Kihandisi, hata hivyo, kibanio ni ndugu wa panda iliyopasuliwa. Kina pointi moja tu ya kuzungukia nyuma kwa kila upande, kwa hiyo nacho kinaisokota ekseli, na kanuni ni ileile: kiweke kwenye ekseli ya I. Faida yake juu ya panda ni kwamba ncha za mbele zina nyuzi, na unaweza kurekebisha mlalo wa ekseli kwa kuzungusha nati badala ya kukata na kuchomelea upya.

Mfumo wa fito nne ulienea katika miaka ya 1970, watengenezaji wa vipuri walipoanza kuuza seti kamili za kufunga. Kila upande una fito mbili zilizolala sambamba, moja juu ya nyingine, zenye urefu sawa, na kila moja ina kiungio chake nyuma na mbele. Gurudumu likipanda, fito hizo mbili huinuka pamoja na ncha ya ekseli inabaki imesimama vilevile, bila kugeuka. Kwa kuwa hakuna upande unaogeuka, hakuna kusokota, na ndiyo maana mfumo huu unapatana na ekseli ya bomba. Unapatana pia na ekseli ya I. Ukiwa na gari la kusafiria umbali mrefu na hutaki kufikiria, fito nne ndizo zitakazokuacha ulale usingizi.

Lawama inayotolewa dhidi yake ni ya macho. Fito nne zenye kromu na viungio vinane huonekana nyingi mno kwenye gari linalodai kuwa la mwaka 1948, na anayejenga gari la jadi hasa atakwambia kwamba ukiziona tu unajua gari limetoka katika zama nyingine. Lawama hiyo naikubali, ila isigeuzwe kuwa lawama ya kihandisi. Baadhi ya watu wanaosema kwamba fito nne ni mbovu wanachomaanisha ni kwamba hazipendezi.

Kushusha gari

Jambo jingine linalochanganya watu ni urefu wa gari kutoka chini. Gari lisilo na madigadi likiwa juu mbele linaonekana kama linashangaa, na karibu kila mtu anataka kulishusha. Njia ya kizembe ni kuondoa vyuma kwenye springi hadi gari lishuke. Linashuka kweli, lakini springi imepoteza nguvu, na nafasi iliyobaki kati ya ekseli na chasisi ni ndogo, hivyo shimo la kwanza la maana linagonganisha chuma kwa chuma.

Ekseli iliyoshushwa hufanya kazi tofauti. Ncha zake zimepandishwa juu kuliko sehemu ya katikati, kwa kawaida kwa inchi 2 na nusu hadi 4, hivyo magurudumu yanakaa juu zaidi na kila kitu kingine kinashuka pamoja: ekseli yenyewe, springi na chasisi. Nafasi kati ya ekseli na chasisi haijabadilika, na springi inacheza kama ilivyokuwa. Hapo zamani kazi hii ilifanywa kwa kuichemsha ekseli ya asili na kuivuta ncha zake, na fundi Ed Stewart wa San Diego alijipatia jina kwa kazi hiyo kiasi kwamba ekseli zake bado zinatafutwa. Kuvuta chuma kunakifanya kiwe chembamba kwenye kona, na hicho ndicho cha kuangalia kwanza unaponunua ekseli ya zamani. Siku hizi zipo zinazotengenezwa mpya zikiwa zimeshushwa tayari. Anayetaka kupunguza zaidi hutumia springi ambayo masikio ya ncha zake yamekunjwa upande wa pili, nayo huongeza karibu inchi 1.

Halafu kuna mtindo ambao Wamarekani wanauita wa kujiua. Katika Ford za zamani hadi 1934, chasisi iko juu ya springi na springi iko juu ya ekseli, hivyo urefu wa vitu vitatu unajumlishwa. Katika mtindo huu chasisi inaishia nyuma ya ekseli, na springi inafungwa kwenye kiti kilichochomelewa mbele ya chasisi, ikining'inia peke yake. Gari linashuka sana na linakuwa refu kwa mbele, na ndiyo sura ya zile Model T zenye bodi ndogo ambazo mjenzi wa hotrodi Norm Grabowski alizipatia umaarufu katika miaka ya 1950. Jina limetokana na ukweli kwamba kiti hicho kikivunjika hakuna kitu cha kuzuia mbele ya gari isianguke chini. Wapo wanaolisikia jina na kudhani mtindo wenyewe ni kosa. Kiti kilichokatwa kwenye bamba nene, kikatiwa vyuma vya kukiegemea na kuchomelewa na mtu anayejua kazi yake, kinaweza kubeba gari jepesi miaka yote. Kilichochomelewa upenuni mwa nyumba kwa mashine ndogo, juu ya chasisi iliyoliwa na kutu, kinastahili jina lake.

Kwa vyovyote utakavyolishusha, pitisha kamba kutoka ukingo wa chini wa ringi moja hadi ukingo wa chini wa ringi nyingine, mbele na nyuma na kwa mshazari. Chuma chochote kilicho chini ya kamba hiyo kinaweza kuchimba lami siku tairi litakapotoka upepo.

Je, saspensheni huru si bora?

Kwa kulinganisha tabia barabarani, ndiyo. Saspensheni huru ni ile ambayo kila gurudumu linapanda na kushuka peke yake. Kwenye ekseli nzima, gurudumu moja likipanda, la pili nalo linainama, na ekseli pamoja na breki zake ni mzigo mzito unaorukaruka chini ya springi. Ford wenyewe waliiacha ekseli ya mbele kwenye magari yao madogo mwaka 1949 na kuweka springi za koili na mikono huru, na hakuna aliyerudi nyuma. Wajenzi wa magari ya zamani ya kusafiria wamekuwa wakitumia sana saspensheni ya mbele ya gari la Ford Mustang II, iliyotengenezwa kati ya 1974 na 1978, au nakala zake.

Lakini swali letu linahusu gari lisilo na madigadi. Mikono ile mifupi na minene, koili na bamba la kuzishikilia zilibuniwa ili zifichwe, na zikiwekwa hadharani mbele ya grili ya 1932 huonekana kama injini ya jokofu. Zipo saspensheni huru zilizotengenezwa maalumu zikiwa nyembamba na zilizosafishwa, nazo ni kazi nzuri, ila bei yake ni kubwa na gari linakuwa la aina nyingine. Pia faida yenyewe ni ndogo kuliko inavyotangazwa. Gari jepesi, lenye matairi membamba mbele, kwenye barabara nzuri, kwa mwendo halali, halitaonyesha tofauti kubwa ikiwa ekseli yake imeshikwa vizuri. Malalamiko mengi dhidi ya ekseli nzima yametoka kwa watu walioendesha gari lenye ekseli iliyoshikwa vibaya, na wakaifanya ekseli kuwa mshitakiwa.

Kwa anayeanza, mpangilio wangu ni huu. Kama injini na gia boksi vinaruhusu, chukua ekseli ya I iliyoshushwa na uiache panda nzima. Kama haviruhusu, ipasue panda au weka vibanio, ila ekseli ibaki ya I. Kama tayari umenunua ekseli ya bomba kwa sababu ulipenda inavyong'aa, ishike kwa fito nne na uvumilie maneno ya watu. Na ekseli yoyote unayotaka kuipiga kromu iulizie kwanza kama karakana inaioka baada ya kuipaka, kwa sababu mchakato wa kromu huingiza hidrojeni kwenye chuma kigumu na kukifanya kiwe chepesi kukatika. Binafsi ningeipaka rangi.

Usukani ndio unaoumbua makosa

Watu wengi huchagua ekseli, wakachagua vyuma vya kuishika, kisha wakaufikiria usukani mwisho, na hapo ndipo gari linapowashinda. Ford za 1928 hadi 1934 zilikuwa na fimbo ya usukani inayokwenda mbele na nyuma upande wa dereva. Gurudumu linapopanda, ekseli inafuata njia ya duara ambayo kitovu chake ni ile pointi ya nyuma ya panda au kibanio. Fimbo ya usukani nayo inafuata duara lake, ambalo kitovu chake ni mkono wa boksi la usukani. Vitovu hivi viwili vikiwa mbali, maduara hayalingani, na kila tuta linaugeuza usukani wakati mikono yako haijafanya chochote. Dawa yake ni kuweka pointi ya nyuma karibu iwezekanavyo na mkono wa boksi, na wanaotumia boksi la pikapu ya Ford F-100 ya 1953 hadi 1956 hupima jambo hili kabla ya kuchomelea chochote.

Njia nyingine ni fimbo inayokwenda kushoto na kulia, na boksi dogo la Chevrolet Vega ya 1971 hadi 1977 ndilo lililozoeleka kwa kazi hiyo. Njia hii inapatana na fito nne, lakini inafichua udhaifu mwingine. Springi iliyolala kukingama imeshikwa na viungio vinavyocheza, kwa hiyo ekseli inaweza kusogea kidogo kwenda kushoto na kulia chini ya chasisi. Ukivuta fimbo kwenda kulia, ekseli nzima inasogea kwanza ndipo magurudumu yanapogeuka, na dereva anahisi usukani una nafasi tupu. Hapo unahitaji ufito wa Panhard, ambao ncha yake moja imefungwa kwenye chasisi na nyingine kwenye ekseli, ukiwa na urefu unaokaribiana na wa fimbo ya usukani na ukiwa sambamba nayo. Mfupi mno, au ulioinama upande tofauti, utakuletea tatizo lilelile ulilotaka kuliondoa.

Ekseli iliyoshushwa ina mtego wake pia. Kwa kuwa stabu za magurudumu zimepanda, tairodi nayo imepanda, na mara nyingi inakuta panda iko njiani. Ndiyo maana mikono ya usukani ya Ford huchemshwa na kukunjwa chini ili tairodi ipite chini ya panda. Anayeshindwa kufanya hivyo hujaribu kuihamishia tairodi mbele ya ekseli bila kubadili mikono, na gari linapokata kona magurudumu mawili yanavutana, kila moja likitaka kona yake.

Kilichobaki ni alaimenti. Kingpini, yaani pini ambazo magurudumu ya mbele hugeukia, zilale nyuma kwa digrii 5 hadi 7, na magurudumu yaelekeane kwa ndani kati ya sehemu ya kumi na sita na sehemu ya nane ya inchi. Gari likianza kutetemeka usukani kwa mwendo wa kati, anza na vitu vilivyolegea, yaani kingpini, boljointi za tairodi, beringi za magurudumu na bolti za boksi la usukani, kabla ya kununua kifaa cha kuzuia mtetemo, kwa kuwa kifaa hicho huficha ulegevu bila kuuondoa. Vipimo vyote hivi vichukuliwe gari likiwa limesimama kwa matairi yake lenyewe, injini na gia boksi vikiwa ndani, na redieta ikiwa na maji. Chasisi tupu iliyokaa juu ya vigogo ina springi ambayo haijabonyea, na pembe yoyote utakayoipima hapo, ya panda, ya fimbo au ya kingpini, itakuwa nyingine siku uzito utakapowekwa.